Lisansi Mbili za Faida

Mwanangu Faida,

Salamu leo sikupi. Tumeamkiana kwa maneno makali, ukachukua kitana na mafuta ya nywele ukaenda kusukwa kwa jirani, na mimi nikabaki na ile fomu uliyoniachia mezani. Rasta ndogo kama ulizotaka zitachukua mchana kutwa, kwa hiyo nina muda wa kuandika niliyoshindwa kuyasema mdomo kwa mdomo. Ukiona mwandiko unakwenda upande, ujue sijalala tangu jana. Mimi ninayewapigia watoto wa darasa la sita kelele kwa sababu ya mwandiko!

Sitakuambia uvae nini kwenye ndege, wala uweke wapi karatasi zako. Shangazi zako wameshakuambia hayo mara tatu, na wewe umeitikia mara tatu bila kusikiliza. Mimi nataka kukuambia nilivyoshtuka, na kilichonishtua hasa, maana naona ulidhani ni hasira tu.

Nianze na Jumapili iliyopita, kwa sababu aibu yangu inaanzia pale. Mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani, nilisimama kabla hajafunga mdomo. Nilikuwa na kile kitenge cha bluu, nilichokishonesha makusudi. Nikasema mbele ya watu wote kwamba Mungu amemkumbuka mjane, kwamba huko Dubai wameiona lisansi ya mtoto wangu wakamwita kazini. Mama wa kwaya wakapiga vigelegele mpaka watoto wakaamka. Wewe uliinamisha kichwa, na mimi nikafikiri ni adabu.

Sikuwa ninadanganya. Ni wewe uliyeniambia, “Mama, wananitwaa ju ya lisansi.” Hukusema lisansi gani na mimi sikuuliza, kwani hapa kwetu nani anauliza? Lisansi ni ile ya iniversite, shahada ya chuo kikuu, miaka mitano ya kusugua benchi. Karatasi ya kuendesha motokari ni permi. Hata mtoto anayeuza maji barabarani hawezi kuchanganya vitu hivyo viwili.

Jana asubuhi nikachukua kontra yako, ule mkataba wa kazi, nikampelekea Mwalimu Bahati, yule anayefundisha Kiingereza. Nilitaka anigeuzie maneno makubwa kwa Kiswahili, ili nikawasomee mama wa kwaya watakapokuja kukuaga. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole. Akarudi mwanzo. Kisha akavua miwani.

“Mama Faida, ngoja kwanza. Faida anajua motokari?”

“Motokari ya nani? Faida iko na lisansi ya ekonomi.”

“Njo ile. Hapa wameandika lisansi, lakini haiko ya masomo. Ku Kiingereza, lisansi njo permi. Hawa bantu wanamutwaa aendeshe basi ya watoto ya masomo.”

Akaniwekea kidole juu ya neno lenyewe. Nililisoma herufi moja moja, kama ninavyowasomesha watoto: L, I, C, E, N, C, E. Lilikuwa ni lilelile lililoko kwenye diploma yako ukutani, halijapungua herufi hata moja. Nikacheka. Nikasema maskini hawa watu wamekosea, wamemwita msomi wakidhani ni dereva. Mwalimu Bahati hakucheka. Akasema, “Basi kesho kutwa atafika kule na watamupa usukani. Atafanya nini?”

Nilitoka pale nimesahau pochi yangu kwenye kiti. Miguu ilikuwa inakwenda peke yake. Namba ya yule wakala ilikuwa chini ya kontra, lakini simu yangu haipigi nje, ni lazima kwenda Kavimvira mpakani, kwenye laini za Burundi. Nikasimamisha pikipiki, moto ya kwanza iliyopita. Aliyekuwa juu yake ni Byamungu. Humkumbuki, alikuwa mbele yako sana, lakini mimi nilimfundisha darasa la sita na alikuwa wa kwanza mwaka mzima. Nilimpigia makofi mbele ya wazazi.

“Mwalimu! Panda. Weye sitakulipisha.”

Njiani akaniuliza habari zako, kama bado unatafuta kazi. Nikamjibu umepata, Dubai, kwa lisansi yako. Kidogo aachie usukani.

“Kwa lisansi? Kweli? Basi minye pia nitume maombi! Niko na lisansi ya sheria. Permi njo sina.”

Akacheka kwa sauti, na mimi nikashika shati lake nikaomba Mungu mpaka tukafika mpakani. Mtu mwenye sheria yote kichwani alikuwa ananipitisha katikati ya malori bila permi, na mwalimu wake nyuma amenyamaza. Ningekuwa na akili timamu siku hiyo, ningeshuka nimuulize maswali. Lakini nilikuwa na kosa la watu wa Dubai la kurekebisha.

Nilisimama pale karibu na wale wanaobadilisha pesa, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya kelele za malori yanayongoja ushuru wa duane, nikampigia wakala. Anasema Kiswahili kile cha redio. Nikamweleza yote: kwamba wewe ni mwanauchumi, kwamba neno limewadanganya, kwamba hujawahi kugusa usukani maishani mwako.

“Mama,” akasema, “sisi tunaajiri madereva wanawake wa mabasi ya shule. Kama binti yako si dereva, umefanya vizuri kuniambia. Wapo wengi wanaoisubiri nafasi hiyo. Zungumza naye, unithibitishie kabla ya saa kumi.”

Na hili ndilo la kwanza ninalotaka ulijue, kwa sababu sikukuambia jana. Nilikata simu nikiwa nimeridhika. Nilirudi Kalundu juu ya ile moto kifua mbele, kama mtu aliyemwokoa mwanawe asigongwe na gari. Afadhali ubaki nyumbani na lisansi yako, nilijisemea, kuliko kwenda mbali kuwa shofere. Niliwaza hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba ukigeuza ndagala, dagaa wa ziwa, juani.

“Faida, nimewapigia wale. Nimewaambia wamekosea.”

“Umewaambia nini, Mama?”

“Kama weye hauko shofere. Kama haujui hata kuwasha motokari.”

Nimekuzaa, nimekulea, nimekuona na malaria, nimekuona siku ya kumzika baba yako. Uso ule sikuwahi kuuona. Ndagala zilikuponyoka mkononi.

“Mama, haiko kosa! Minye nilijua! Minye niko na permi!”

Ukatoa simu, ukafungua ganda lake la nyuma, na ndani yake mlikuwa na kikaratasi cha permi. Picha yako, jina lako, jina la baba yako. Nikaigeuza kutafuta ni ya nani. Nikakuuliza, “Hii ni ya nani?” na jina liko pale pale mbele ya macho yangu.

Halafu ukasema yote kwa mkupuo, na sijui kama unakumbuka uliyosema, kwa hiyo nakuandikia nilivyoyasikia. Ulisema umetuma maombi mahali pengi mpaka umepoteza hesabu, kwa hapa, kwa Bujumbura, kwa Nairobi, kwa nchi ambazo mimi sizijui kwenye ramani, na hakuna aliyekujibu hata kukukataa. Ulisema kwenye fomu ya Dubai uliandika lisansi kama sisi wote tunavyoandika.

“Wao peke yao njo walijibu, Mama. Waliniuliza, lisansi yako iko ya gari gani? Nililia. Kiisha nikacheka. Nikawaandikia kweli, kama iko ya ekonomi. Wakasema, siku utapata ya basi, utuandikie tena.”

“Na weye?”

“Nikaenda kwa Papa Rehema.”

Papa Rehema, aliyekuwa akimsaidia baba yako kwenye lori, ambaye sasa ana lori lake la mchele! Miezi minane, Faida. Miezi minane ukiondoka asubuhi na viatu vya ofisi, ukiniambia unaenda kwenye staji, kujifunza kazi ya ofisi, na mimi nikikupigia pasi ile blauzi nyeupe. Nilikuuliza viatu vile uliviweka wapi.

“Chini ya kiti. Naendeshaka miguu mitupu. Kama Papa.”

Pale ndipo nilipokaa chini. Nilikaa juu ya turubai, katikati ya ndagala, na kitenge changu hakijaacha kunuka mpaka saa hii. Ulidhani nimekasirishwa na uongo wako. Nilikasirika, ndiyo, sikatai. Lakini kilichonikalisha chini ni yale maneno mawili ya mwisho. Hakuna aliyekuwa amenikumbusha miguu ya baba yako tangu tumzike, ukiwa mwaka wa pili iniversite. Alikuwa anavua viatu kabla ya kupanda kabini, anasema pedali inasikika vizuri zaidi kwa ngozi. Mimi nilikuwa namwambia avae, watu watasema mke wake ni mwalimu na yeye hana viatu.

Sasa ngoja nikuambie ya zamani. Ulinirushia kipande chake asubuhi, lakini hukijui chote.

Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa na wa daftari. Siku ya posa alinitazama mbele ya wageni, akasema kama ni kuolewa na shofere basi diploma aliyonisomesha ingefungiwa karanga sokoni. Wageni walicheka. Mimi niliolewa nikiwa na kicheko kile masikioni. Nilimpenda baba yako, usije ukafikiri vingine, nilimpenda mpaka watu wananisema. Lakini kazi yake nilikuwa naificha, kama mtu anavyoficha kiraka cha gauni kwa kuvuka miguu.

Ulipoanza darasa la kwanza kwa masista, walitupa fomu. Jina la mtoto, jina la baba, kazi ya baba. Nikaandika: fonksioneri. Mtumishi wa serikali. Kalamu haikusita. Baba yako alirudi kutoka tambarare ya mto Ruzizi, vumbi mpaka kwenye kope, akaikuta mezani. Alisoma polepole kama alivyokuwa anasoma kila kitu.

“Huyu fonksioneri iko nani?”

Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto, masista wamheshimu. Akaitazama tena. Akasema, “Sawa.” Kesho yake alivaa shati lake la kanisani, akaacha lori karibu na soko, akakupeleka shule kwa miguu. Akafanya hivyo mpaka ukamaliza msingi. Lori lililokulipia shule ile, hakuna sista aliyewahi kuliona.

Na honi unaikumbuka? Akifika kwenye kona yetu alikuwa anapiga mara mbili, na wewe popote ulipo unatupa kijiko unakimbia. Nilimwambia aache, mtaa mzima hauna haja ya kujua kwamba shofere amefika. Akaacha. Ukawa unachungulia dirishani jioni nzima, usijue baba atatokea saa ngapi. Nikienda naye kanisani kwa lori nilikuwa namwambia aniteremshe kabla hatujafika, “nitembee kidogo.” Nilimwambia hivyo miaka yote. Alikuwa anasimama bila kuuliza, anangoja nikung'ute kitenge, anapita kunitangulia.

Lililobaki ni lile la kule kijijini Katogota, na sijui kama unalikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne, tunarudi kutoka msibani. Barabara ilikuwa tupu, mashamba ya mpunga huku na huku. Baba yako akakuweka kwenye usukani, akasimama juu ya ngazi ya mlango akikuelekeza kwa dirisha, na lori likaenda. Lilikwenda, Faida, limenyooka! Nilipiga kelele likasimama, nikakuteremsha kwa sikio. Nikasema sitaki mafuta ya motokari mkononi mwa mtoto wangu, mkono huu ni wa kalamu. Baba yako alicheka kidogo, akafunga mlango. Hakukuweka tena.

Ungekuwa na permi yako zamani, na ungefundishwa na mkono wake. Hilo linaniuma kuliko uongo wote wa staji. Nimelilia jana na nimelilia leo kabla ya kuanza kuandika.

Turudi kwenye saa ile. Ilikuwa saa tisa na nusu. Wewe ulikuwa umeshika kichwa, na mimi nimekaa kwenye ndagala kama mgonjwa. Kwa bahati nzuri, Byamungu alikuwa bado mlangoni anakunywa maji. Tukapanda watatu kurudi mpakani. Sikumbuki njia. Nakumbuka ulitaka kuchukua simu nikakukatalia, kwa sababu mdomo ulioharibu ulikuwa wangu. Wakala alipokea, nikamwambia nilikosea mimi.

“Una uhakika, mama? Asubuhi uliniambia hajawahi kugusa usukani.”

“Niko na uhakika,” nikamwambia. “Baba yake alikuwa shofere.”

Uliniangalia. Byamungu aliniangalia. Mimi nilisikia sauti yangu na nikaona ajabu kwamba haikupasuka. Yule bwana akasema basi nafasi yako iko palepale. Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa kumi. Kwa neno moja nusura nikupotezee kazi ya pekee iliyokuitikia, na ningekuwa nimeipoteza kwa furaha.

Sasa unaniuliza, ulinipeleka shule ya nini basi? Hukuniuliza kwa mdomo, lakini naliona swali usoni mwako tangu jana. Mimi pia najiuliza. Nimesimama mbele ya ubao miaka yangu yote nikiwaambia watoto someni, mtatoka. Jana nimebebwa na mmoja wao, wa kwanza wangu, kwenye moto. Nilipokuita Faida nilikuwa na mpango kichwani, na katika mpango ule hapakuwa na basi. Kama ungeniuliza jana saa kumi ningekuambia miaka mitano imekwenda na maji ya Ruzizi. Ningesema kwa hasira na ningeamini.

Lakini jioni ulikaa nami, ukanisomea kontra kifungu kwa kifungu. Ulikuwa unasoma haraka, unarudi, unaniambia hiki kinasema hivi lakini maana yake ni vile. Tukafika kile cha paspoti. Kilikuwa kimefutwa kwa mstari, na pembeni pana sahihi mbili.

“Hapa waliandika nini?”

“Kama kampani itanichungia paspoti. Niliwaandikia kama sikubali. Niliwauliza ni sheria gani ya kwao inawaruhusu. Wakafuta.”

“Lini?”

“Mwezi jana.”

“Na wale wasichana wengine mutakaoenda nao?”

“Niliwaandikia na wao barua ileile, Mama. Wote wamefutiwa.”

Mwezi jana! Umekaa kwenye meza hii ninapoandikia, mbele yangu, mimi nikisahihisha madaftari, wewe ukibishana na kampuni ya ng'ambo kwa Kiingereza, na mimi nikikuambia upunguze mwanga wa simu. Nilishtuka mara ya pili, na mshtuko huu haukufanana na wa kwanza. Baba yako alikuwa dereva hodari kuliko wote wa barabara hii, na alisaini karatasi nyingi ambazo hakuzielewa, kwa sababu aliyeziandika alikuwa amevaa tai. Niliwahi kumwona akisaini. Nilikuwa nimesimama pale na diploma yangu, na sikumsomea.

Kwa hiyo sijui nikujibu nini juu ya lisansi. Dunia haikukuita kwa sababu yake, hilo nimeliona kwa macho na bado siliamini vizuri. Imekuita kwa kosa la herufi saba. Lakini kosa lile lingemwita mwingine likampeleka bila paspoti mkononi. Wewe ulilisoma, ukawaambia ukweli, halafu ukaenda kuufanya ukweli wenyewe kwenye mashamba ya mpunga, miguu mitupu. Usiniombe nitenganishe kilichotoka shule na kilichotoka kwa baba yako. Nimejaribu tangu asubuhi, siwezi.

Ninachokuomba ni kimoja tu, na ni kwa sababu mimi nilikifanya vibaya. Utakapokuwa huko, watu wa hapa watakupigia wakuulize unafanya kazi gani. Utakuwa umechoka, na utaona ni rahisi kusema “niko ofisini.” Mimi najua utamu wa neno hilo. Unaliandika mara moja kwenye fomu, halafu unalilinda maisha yako yote, na anayelipa ni yule unayempenda, anayetembea kwa miguu kutoka sokoni na shati la kanisani. Sema unaendesha basi. Mimi nitasema hivyohivyo, na tutaona nani ataanza kuona aibu.

Asubuhi uliponipa fomu ya familia uliniambia, “Hapa pa kazi ya Papa, uandike kile unapenda, weye uko na mazoea.” Nami nikakujibu kwamba wewe pia una mazoea, ya kuficha viatu chini ya kiti. Nilikujibu vibaya. Sikujua kwamba unajua habari ya fomu ya masista, na sasa najiuliza baba yako alikuambia lini. Labda kule Katogota. Labda alikuambia akicheka, kama alivyokuwa anacheka.

Fomu yako nimeijaza. Kazi ya baba: shofere. Nimeandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na chini yake nimeweka neno la Kiingereza kama Mwalimu Bahati alivyonipa, alipokuja kunirudishia pochi. Permi yako uliyoiacha mezani nilimpa Byamungu akaipige fotokopi. Ameirudisha. Ya kwako iko ndani ya bahasha hii. Ile fotokopi nimeitundika ukutani pembeni ya diploma, kwa misumari minne, na jirani aliyeingia kuomba chumvi amesimama mbele yake muda mrefu, akaondoka bila chumvi.

Naye Byamungu nimemwambia aende kwa Papa Rehema Jumatatu, akafanye permi. Amecheka, lakini amesema ataenda.

Sasa kesho. Papa Rehema anakuja na lori asubuhi kutupeleka mpakani. Nimemtumia ujumbe, amekubali kukaa pembeni. Wewe ndiye utakayeendesha. Viatu uvue au usivue, ni shauri lako. Mimi nitakaa mbele, kati yenu, na kile kitenge cha bluu. Itakuwa ni saa ya watu kuingia ibada ya kwanza, mama wa kwaya watakuwa wamesimama nje kama kawaida yao.

Sitashuka kabla ya kanisa. Ukifika mbele ya mlango, punguza mwendo, na upige honi mara mbili.

Mama yako